Vifungo Mia Mbili Katika Ndoo Moja

Siwema alikuwa na mkono mwepesi. Ukimtajia rangi ya nguo yako, kabla hujamaliza kusema ameshakuwekea mezani zipu inayofanana nayo. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na kizimba alikirithi kwake pia. Kilikuwa kizimba cha nne upande wa kushoto, katika uchochoro mmoja wa Kariakoo ambao wenyewe waliuita Vifungoni.

Vifungoni palikuwa na vizimba kumi. Mafundi cherehani walikuja pale kutafuta zipu, lastiki, nyuzi, ndoano za sketi na vifungo vya kila namna. Mvua ikinyesha walipata na maji ya bure, maana mabati ya paa yalikuwa yametoboka kila mahali. Mvua za vuli za mwaka ule zilianza mapema, na ndizo zilizovunja subira ya watu. Asubuhi moja Siwema alikuta dazeni nane za zipu za chuma zimeota kutu. Jirani yake Severa, muuza vifungo, alikuta kadi zinazoshikilia vifungo zimelowa na vyote vimedondoka sakafuni.

"Dada, masika ikitukuta hivi tutauza kambale hapa," alisema Severa, huku akiokota vifungo kimoja kimoja.

Mwenyekiti wa uchochoro, Mzee Muhiddin, akaita kikao. Fundi wa paa alikuwa ametaja shilingi milioni tatu. Sasa swali likawa: kila mmoja atoe kiasi gani?

Hapo ndipo penye kazi. Mfanyabiashara wa Kariakoo atakusimulia harusi ya mwanawe, atakusimulia hata maradhi ya mama mkwe wake, lakini faida yake ya siku hakwambii ng'o. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mzee Muhiddin alilijua hilo, naye akabuni njia. Aliweka ndoo nyuma ya pazia, na pembeni yake beseni la vifungo vya koti. Kila mwenye kizimba aliingia peke yake. Kwa kila shilingi elfu moja inayombakia kwa siku ya kawaida, baada ya kutoa gharama zote, alitia kifungo kimoja ndani ya ndoo. Siwema aliingia, akatia vifungo sita, akatoka haraka kama mtu aliyeiba.

Ndoo ikamwagwa mezani. Vifungo vikahesabiwa mbele ya wote. Vilikuwa mia mbili kamili.

"Mia mbili kwa watu kumi," alisema Mzee Muhiddin, na uso wake ulichangamka. "Wastani wetu ni vifungo ishirini. Yaani elfu ishirini kwa siku kwa kila mtu! Jamani, kumbe Vifungoni tuna neema na hatujui?"

Watu walitazamana.

"Basi mchango ni elfu tatu kwa siku, kila kizimba, kwa siku mia moja. Mwenye elfu ishirini hawezi kushindwa na elfu tatu. Tunaanza Novemba mosi. Atakayekosa siku saba, kizimba atapewa mwingine. Foleni ya wanaotaka vizimba humu mnaijua."

Siwema alirudia hesabu kichwani. Elfu ishirini? Wenzake wote wanapata elfu ishirini, na yeye sita? Alimtazama Severa, lakini Severa alikuwa anatazama viatu vyake. Basi nitakuwa mimi peke yangu niliyeshindwa biashara, aliwaza Siwema. Mama aliniachia kizimba, nami nimekiua. Aliona aibu, na kwa aibu hiyo alinyamaza.

Nyumbani Buguruni, mumewe Zahoro alimsikiliza mpaka mwisho. Zahoro alikuwa fundi wa pikipiki. Vidole vyake havikutakata hata siku ya sikukuu.

"Buku tatu katika buku sita," alisema. "Hiyo ni nusu, mama Mwanaidi. Chakula kitatoka wapi? Kodi je?"

"Nitafungua mapema zaidi."

"Na usipouza?"

"Kizimba cha mama sikitoi, Zahoro. Sikitoi."

Zahoro alimjua mkewe. Akisema jambo mara mbili, limekwisha.

Siwema alijitahidi kweli. Alifungua kabla ya wote na kufunga baada ya wote. Aliacha kununua chakula cha mchana, akawa anakunywa chai na kusema ameshiba. Hata hivyo, biashara si mashine. Kuna siku ilinyesha na mafundi hawakuja. Kuna siku mtoto aliumwa. Novemba ilipofika tarehe kumi na nne, alikuwa amelipa siku tisa na kukosa siku tano. Zilibaki mbili tu kabla ya kupoteza kizimba. Mtu mmoja asiyemjua alishapita mara mbili kukipima kwa macho.

Siku hiyo ndiyo aliyokuja Bi Fakhriya wa Upanga.

Bi Fakhriya alikuwa mteja wa miaka mingi. Alifanya kazi ya takwimu serikalini mpaka alipostaafu, na sasa alikuwa anashona sare za shule nyumbani kwake. Alikuwa na ulimi mkali na alipenda kubishania shilingi hamsini kwa nusu saa nzima.

"Shikamoo, Bi Fakhriya."

"Marahaba. Nipe zipu za sketi arobaini, rangi ya bluu. Na leo usinidanganye na bei."

"Chukua kwa bei unayotaka, mama."

Bi Fakhriya alisita. Akavua miwani, akamtazama vizuri.

"Unaumwa? Miaka yote hii hujaniachia hata senti. Nini kimekupata?"

Siwema alijaribu kucheka, ikashindikana. Machozi yakamtoka pale pale, mbele ya zipu zake. Alimweleza kila kitu: ndoo, vifungo, wastani, na zile siku mbili zilizobaki.

"Mimi ndiye maskini wa uchochoro huu," alimaliza. "Wenzangu wanapata elfu ishirini."

"Nani kakwambia?"

"Wastani umesema."

"Wastani!" Bi Fakhriya aligonga meza kwa kidole. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nashona sare. Tuseme nimepima kiuno cha watoto tisa wa darasa la kwanza, kisha nikampima na mwalimu mkuu wao, mtu mnene hasa. Nikajumlisha vipimo vyote kumi, nikagawa kwa kumi, nikashona kaptula kumi za kipimo hicho. Itakuwaje?"

Siwema alifuta macho. "Za watoto zitaporomoka. Na ya mwalimu haitapanda."

"Umeona? Hesabu yangu ya kugawa haikukosewa hata kidogo, na bado hakuna hata mmoja aliyepata nguo inayomfaa. Wastani ni kugawa jumla sawasawa kichwani. Hausemi nani ana nini mkononi. Ninyi mmemwaga vifungo vyote ndani ya ndoo moja. Jumla mkaipata, mgawanyo mkaupoteza."

"Kwa hiyo huenda wapo wengine kama mimi?"

"Hilo silijui, wala wewe hulijui. Njia ya kulijua ni kupima. Nenda kamwambie mwenyekiti wako hesabu irudiwe."

Kumwambia Mzee Muhiddin kwamba hesabu yake haitoshi si jambo dogo. Lakini alipokitazama kizimba, akaona pale juu mama yake alipopigilia misumari ya kutundikia nyuzi, akajua hana pa kurudi nyuma.

Aliomba kikao kiitwe, na jioni ile alisimama mbele ya wenzake. Sauti ilimtetemeka mwanzoni.

"Mwenyekiti, naomba vifungo vihesabiwe tena. Safari hii kila mtu atie kwenye mfuko wake."

Mzee Muhiddin alikunja uso. "Nilikosea kugawa?"

"Hukukosea, mzee wangu. Ila tumejua jumla tu. Hatujui mgawanyo."

"Unataka kutuchungulia mifukoni!" Aliyesema hivyo alikuwa Kasmir, mtu wa Kilimanjaro, muuzaji wa jumla mwenye kizimba cha kwanza pale mdomoni mwa uchochoro. "Biashara ya mtu ni siri yake."

Bi Fakhriya alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya Siwema. Alinyanyua mifuko kumi midogo aliyoishona mchana ule kwa mabaki ya kitambaa cheusi.

"Siri yako itabaki, baba. Mifuko yote inafanana na haina jina. Mtaingia nyuma ya pazia kama mara ya kwanza. Ila nawakumbusha jambo moja: jumla mnaijua, ni mia mbili. Atakayepunguza, jumla itamuumbua."

Severa aliguna kwa kicheko. Baada ya ubishi mrefu wakakubali, wengine kwa moyo, wengine kwa sababu tu saa zilikuwa zinakwenda.

Mifuko ilirudi, ikachanganywa, ikafunguliwa mmoja mmoja. Bi Fakhriya alipanga vifungo kwa mafungu juu ya meza, kuanzia fungu dogo mpaka kubwa. Siwema alihesabu kwa sauti. "Vinne. Vinne. Sita. Sita. Vinane. Vinane. Kumi. Kumi na vinne. Ishirini." Ukabaki mfuko mmoja uliotuna. Vilikuwa mia moja na ishirini. Watu wote walijitahidi sana kutomtazama Kasmir.

"Jumla mia mbili," alisema Bi Fakhriya. "Hakuna aliyedanganya. Wastani bado ni ishirini, ile ile ya mwenyekiti. Sasa nionyesheni, ni wangapi wamevuka ishirini?"

"Mmoja," alisema Severa taratibu.

"Na waliofika ishirini kamili?"

"Mmoja."

"Wanane wote wako chini. Sasa tafuteni mtu wa katikati. Tumewapanga kuanzia mdogo hadi mkubwa, mko kumi, basi katikati ni kati ya wa tano na wa sita. Wana vingapi?"

"Vinane, vinane," alijibu Siwema.

"Basi mtu wa katikati wa Vifungoni anabaki na elfu nane, si ishirini. Ukitaka kujua hali ya watu wengi, muulize wa katikati. Yeye hababaishwi na mfuko mnene wa pembeni."

Siwema alitazama mafungu yale. Sita na sita. Yuko mwingine mwenye sita! Na wawili wana vinne! Kwa wiki mbili alikuwa amelala na aibu isiyo yake. Alimgeukia Severa, na Severa alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu," alinong'ona Severa.

Mzee Muhiddin alisogea mezani. Kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika Vifungoni. Alinyoosha mkono, akaweka kidole juu ya fungu la saba.

"Hivi kumi ni vyangu," alisema. "Wastani ulipotoka, niliona haya. Mwenyekiti mzima na niko chini ya wenzangu. Nikanyamaza. Kumbe mimi ni wa nne kutoka juu!"

Watu walicheka, na kile kicheko kilifungua vifua. Bi Fakhriya akatandaza kitambaa cha drafti, kile cha mistari inayokatana ikafanya miraba. Alikuwa amekikata miraba kumi kwenda na miraba kumi kupanda. Akatoa chaki ya kushonea.

"Nataka muone kwa macho. Kila mtu ni mraba mmoja kwenda kulia. Kila vifungo ishirini ni mraba mmoja kwenda juu. Kama kila mtu angekuwa na ishirini, tungepiga hatua moja kulia, moja juu, moja kulia, moja juu. Tungepata mstari ulionyooka kutoka pembe hii ya chini mpaka pembe ile ya juu." Akavuta uzi mwekundu kuonyesha. "Huo ni mstari wa usawa. Sasa tuweke hali yenu. Watu watano wa kwanza wana vifungo vingapi kwa pamoja?"

Siwema alijumlisha. "Ishirini na vinane."

"Mraba mmoja na kidogo tu. Watu tisa?"

"Themanini."

"Miraba minne. Halafu mtu wa kumi anaruka miraba sita peke yake mpaka juu." Aliunganisha alama zake kwa chaki. Mstari ulilala chini karibu na ukingo, kisha mwishoni ukapanda wima. Kati ya uzi mwekundu na chaki palibaki tumbo kubwa.

"Hilo tumbo ndilo pengo lenu. Hesabuni miraba iliyomo. Iliyokatika, unganisheni vipande."

Walihesabu, wakabishana, wakahesabu tena. Ilikuwa kama thelathini.

"Chini ya uzi mwekundu ipo miraba hamsini yote pamoja. Thelathini gawanya kwa hamsini ni sifuri nukta sita. Sisi watu wa takwimu tunakiita kipimo cha Gini, kwa jina la mtu aliyekibuni. Watu wakiwa sawa, tumbo halipo, jibu ni sifuri. Mmoja akikusanya karibu vyote, jibu linakaribia moja. Ninyi mko sifuri nukta sita. Pengo lenu ni kubwa."

Kasmir alisimama. Jasho lilimtoka.

"Kwa hiyo mimi nimeiba? Nilianza hapa na sinia la pini kichwani! Hakuna aliyenisaidia!"

"Hakuna aliyesema umeiba," alijibu Bi Fakhriya kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. "Kipimo kinasema pengo lina ukubwa gani. Hakisemi limetoka wapi, wala nani mbaya. Kama futi yangu ya kupimia: inanipa kiuno chako, haijui ulikula nini."

"Basi paa ni moja na kila mtu ana kizimba kimoja. Elfu tatu kila mtu. Hiyo ndiyo haki."

Hapo Siwema aliinuka. Sauti yake haikutetemeka tena. Alichukua fungu moja la vifungo sita, akaliweka mbele ya Kasmir. Alijua anatoa siri yake mbele ya watu, na hakujali.

"Kaka Kasmir, hivi ni vyangu. Toa vitatu vya paa." Akavisogeza vitatu pembeni. "Vimebaki vitatu. Hapo kuna nauli, kodi, chakula cha watu wanne. Sasa toa vitatu kwenye mia na ishirini vyako. Hata fungu halijui kama limepungua. Neno ni moja, elfu tatu, lakini uzito si mmoja."

Kasmir alikunja mikono kifuani.

"Na tukifukuzwa, zipu utamuuzia nani? Mimi nanunua kwako. Severa ananunua kwako. Watu wanane humu wanajaza vizimba kutoka dukani kwako. Sisi ndio wateja wako."

Kasmir alivitazama vile vifungo vitatu kwa muda mrefu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini Kasmir hakuwa amezaliwa na shibe, na sinia la pini alikuwa bado analikumbuka.

"Mnataka nini?" aliuliza mwishowe.

"Asilimia," alisema Siwema. "Elfu tatu ni asilimia kumi na tano ya ule wastani wa elfu ishirini. Basi kila mtu atoe kumi na tano kwa mia ya kile anachobaki nacho yeye. Mwenye sita, shilingi mia tisa. Mwenye vinane, elfu moja na mia mbili. Kwa siku tunapata elfu thelathini zile zile."

"Na mimi elfu kumi na nane! Hapana. Kumi."

"Kumi na saba," alisema Severa haraka, maana damu ya biashara ilikuwa imechemka.

"Kumi na tano, na hapo nimemaliza."

Mzee Muhiddin alibonyeza simu yake. "Kwa kumi na tano tunapata elfu ishirini na saba kwa siku. Badala ya siku mia moja, ni siku mia na kumi na mbili. Tutamaliza mwishoni mwa Februari, kabla ya masika. Mnakubali?"

Mikono kumi ilipanda, wa Kasmir ukiwa wa mwisho. Kisha mwenyekiti akafungua daftari kupanga upya malipo ya zile siku kumi na nne. Alisoma, akakohoa, akasoma tena.

"Siwema amelipa elfu ishirini na saba. Kwa mia tisa kwa siku, hizo ni siku thelathini. Yuko mbele kwa siku kumi na sita." Aligeuza ukurasa, na masharubu yake yakacheza. "Anayedaiwa ni Kasmir."

Kariakoo haijasikia kicheko kama kile. Kasmir mwenyewe alijaribu kununa, akashindwa. Akatoa pochi.

Paa lilikwisha Februari tarehe ishirini na sita. Kizimba hakuna aliyenyang'anywa. Masika ilipoanza, ilianza kwa hasira, na mafundi waliokuwa njiani walikimbilia Vifungoni kujikinga. Wakiwa wamesimama pale, wakakumbuka kwamba wanahitaji uzi. Aisifuye mvua imemnyea, na Siwema aliisifu siku ile kwa sababu haikumnyea.

Mwezi wa nne Mzee Muhiddin aliita kikao cha mchango wa mlinzi. Alikuja na mifuko kumi myeusi, na ndoo hakuileta. Hesabu ilipotoka, kabla mtu hajauliza, alisema mwenyewe, "Wastani tumeuona. Haya, wa katikati ana vingapi?"

Mtu wa katikati alikuwa na tisa. Kasmir bado alikuwa na mfuko mnene kuliko wote, na pengo bado lilikuwepo. Lakini sasa waliujua ukubwa wake, na kila mchango ulipangwa kwa kulitazama.

Siwema naye siku hiyo aliingia nyuma ya pazia na mfuko wake. Alihesabu vifungo polepole, akavisikia vikigongana: kimoja, viwili, vitatu, mpaka saba. Kimoja zaidi ya vile sita vya mwanzo. Akafunga mfuko, akatoka nje akitembea taratibu, kichwa juu.